Dozi ya H. pylori nimemaliza, kipimo bado kinasoma chanya. Msaada wakuu, niko Moshi

Mama Belo:

Wakuu habari za jioni. Bandiko ni refu kidogo, naomba mnivumilie.

Niko Pasua hapa Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Umri miaka 39. Tangu masika ya mwaka jana tumbo linanisumbua, hapa katikati, kwenye chembe cha moyo. Halichomi muda wote. Ikifika kama saa nane usiku ndo shughuli inaanza, linaungua mpaka naamka najikunja kitandani. Nikitia kitu mdomoni, hata kipande cha ugali uliolala, linatulia nalala. Mchana wateja wakinibana nikachelewa kula, hivyo hivyo. Gesi nayo haiishi, nabeua mpaka naona aibu.

Nilienda maabara moja ya mtaani, nikatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo cha mistari. Ikatoka miwili. Nikaambiwa nina H. pylori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa dozi ya wiki mbili. Mdomo mchungu, kila chakula ladha ya chuma, lakini nilimaliza yote. Nikapata nafuu kidogo, likarudi. Nikaenda pale pale, kidole tena, mistari miwili tena, dozi tena. Juzi nimepima, mistari miwili. Sasa wananiambia wadudu wangu ni sugu, nichome sindano za siku kumi, na bei waliyonitajia nanunua belo zima la nguo za watoto.

Hawa wadudu hawafi? Nizichome hizo sindano? Mama mkwe anasema ni mawazo, niache kuwaza madeni. Shangazi wa Kibosho anasema ninywe maji ya kabichi. Nimsikilize nani?

Kijana wa Ngarenaro:

Pole dada. Acha pilipili, acha maharage, acha kitimoto. Umepona.

Mti Mkavu:

Hospitali hawatibu vidonda, wanatuliza tu. Nina dawa ya asili, mchanganyiko wa mizizi sita, siku saba vidonda vinafunga na wadudu wanatoka kwenye choo unawaona kwa macho yako. Njoo pembeni nikupe namba.

Mzee wa Kilombero:

Bakteria wa kuonekana kwa macho, Mti Mkavu? Hao unaowaona wewe ni minyoo.

Mimi ni wa Arusha. Mwaka 2011 magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, nilikuwa napakia abiria. Wa vidonda, wa presha, wa sukari, wote kikombe kimoja. Kila mtu na imani yake, simsemi mtu. Ila tangu enzi hizo mtu akiniletea dawa ya kila kitu namuuliza kwanza amepima nini. Dada subiri wenye taaluma.

Darubini:

Mama Belo, mimi nafanya kazi maabara. Sindano hizo ziache kwanza.

Kipimo cha tone la damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana naye. Bakteria akishakufa kingamwili zinabaki kwenye damu miezi mingi, kwa wengine miaka. Ni kama kovu la ndui, linaonyesha uliwahi kuugua, haliwezi kukuambia kama bado unaumwa. Hata ungepona kabisa baada ya dozi ya kwanza, mistari miwili ungeiona tu. Kwa hiyo anayesema wadudu wako ni sugu kwa kutumia kipimo hicho anabahatisha, na wewe ndo unalipia.

Cha kujua kama wameisha ni choo kikubwa, antijeni ya H. pylori. Hiki kinatafuta vipande vya bakteria mwenyewe. Kipo na cha kupuliza pumzi ila si kila mahali utakipata. Choo nacho kina masharti yake, na watu wengi wanaharibia hapo. Iwe imepita angalau wiki nne tangu umalize antibiotiki, na omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli, yoyote ya ukoo huo wa dawa za kuzuia asidi, uwe umeiacha wiki mbili. Ukipima huku unaimeza, bakteria wanapungua, kipimo kinasoma hasi na wao wapo. Tumbo likikusumbua katika hizo wiki mbili tumia vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vya kutuliza asidi.

Mama Belo:

Kumbe! Hakuna aliyewahi kuniomba choo hata siku moja. Omeprazoli namaliza pakiti leo, basi kesho simezi.

Dokta wa Zamu:

Dada subiri kidogo usisimamishe chochote. Nijibu kwanza. Dawa gani za maumivu unatumia? Choo chako kina rangi gani? Umepungua?

Mama Belo:

Mgongo unanisumbua kwa kubeba belo, dokta. Siku za kufungua mzigo nameza diklopa asubuhi na jioni, siku nyingine panado. Asubuhi nameza sijala maana nafika sokoni alfajiri. Choo cha kawaida, ila kipindi nameza vidonge vya kuongeza damu kilikuwa cheusi. Kupungua hapana, labda nimeongezeka.

Dokta wa Zamu:

Hapo sasa tuna kitu.

Vidonda vya tumbo vingi vinatokana na mambo mawili, H. pylori na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki (ndiyo iliyomo kwenye diklopa yako), ibuprofeni na aspirini. Wewe unayo yote mawili mezani, na umetibiwa moja tu. Tumbo linatoa asidi kali, na ukuta wake unalindwa na ute. Ute huo unategemea kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini. Diklofenaki inazuia kemikali hizo hizo, ndo maana mgongo unatulia, na ndo maana ukuta wa tumbo unabaki wazi. Watu wanadhani wakichoma sindano yake tumbo limepona, hapana, inafika kwa njia ya damu. Kumeza umeshiba kunapunguza kuungua tu, hatari inabaki. Ukimaliza dozi tano za bakteria na diklopa inaendelea kila wiki, kidonda kitafunga saa ngapi?

Kwa hiyo diklopa iishie leo. Mgongo upe panado kwa kipimo chake, na belo libebwe na watu wawili. Ikija kuonekana huwezi kabisa bila dawa za kundi lile, daktari ndiye atakayekuandikia pamoja na ya kulinda tumbo.

Omeprazoli endelea nayo mpaka uonwe. Darubini yuko sahihi kuhusu wiki mbili, ila mtu mwenye maumivu ya usiku na historia ya diklopa apangiwe na daktari lini asimame, asijisimamishe. Na inamezwa nusu saa kabla ya kula. Wengi mnaimeza baada ya ugali halafu mnasema haifanyi kazi.

Maumivu ya usiku yanayotulia ukila yananielekeza kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Kidonda cha kwenye tumbo lenyewe mara nyingi chakula ndo kinakichokoza. Ni mwelekeo tu lakini, dalili peke yake huwa zinadanganya.

Ikitokea choo kikaonyesha wadudu kweli wapo, dozi ile ile hairudiwi. Kama ya kwanza ilikuwa na antibiotiki ya klarithromisini, inawekwa nyingine, maana usugu kwa dawa hiyo umeongezeka sehemu nyingi duniani. Tiba yenyewe ni ya kumeza, dawa ya kupunguza asidi mara mbili kwa siku pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, siku 14. Sindano za siku kumi siijui ni tiba ya nini. Na ukipewa flajili (metronidazoli), mbege na pombe nyingine zikae mbali.

Cheusi cha vidonge vya damu kisikutishe. Cha kutisha ni kile cheusi cha lami, kinanata na kina harufu kali, na hujameza vidonge hivyo. Hicho, au kutapika damu, au matapishi ya rangi ya machicha ya kahawa, au maumivu ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao, unaenda hospitali usiku huo huo, husubiri kupambazuke.

Mwalimu wa Rau:

Niongezee kwa mama mkwe, kwa heshima zote. Zamani hata madaktari wakubwa waliamini ni mawazo na pilipili. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha huyu bakteria maabara. Watu wakakataa, wakasema bakteria gani anaishi kwenye asidi. Marshall mwaka 1984 akachukua glasi ya bakteria hao akanywa mwenyewe, baada ya siku chache tumbo likawaka, wakampiga kamera ya tumbo wakawakuta. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Anaishi kwenye asidi kwa sababu anatengeneza amonia ya kujikinga.

Madeni hayatoboi tumbo. Yanakufanya usile kwa wakati na yanakuza maumivu, hilo mama yuko sahihi.

Kijana wa Ngarenaro:

Kwa hiyo kitimoto kinaruhusiwa?

Dokta wa Zamu:

Kitimoto hakileti kidonda, na pilipili haileti, ikikuchoma acha. Tujadili bia na sigara zinazokisindikiza. Sigara inachelewesha kidonda kupona.

Maji ya kabichi shangazi anywe na wewe unywe, hayaui bakteria. Maziwa yanatuliza kwa muda mfupi halafu yanaamsha asidi zaidi, kwa hiyo lita moja kila usiku sio tiba.

Mama wa Njiro:

Mimi nilitibiwa "vidonda" muda mrefu na sikuwa navyo. Yangu yalikuwa kulia, chini ya mbavu, yanapanda mpaka bega. Nikila chipsi au nyama choma yenye mafuta, baadaye usiku ndo kimbembe, yanakaa masaa. Daktari mmoja alinibonyeza pale kulia akasema vuta pumzi, nikaruka kitandani. Utrasaundi ikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nikafanyiwa upasuaji, yakaisha. Dada, waambie wakupige na utrasaundi.

Dokta wa Zamu:

Ya Mama Belo hayafanani na nyongo, ila uamuzi ni wa atakayempima. Na wale ambao moto unapanda kifuani mpaka kooni wakilala au wakiinama, wengi ni kiungulia, asidi inapanda kwenye umio, ile njia ya chakula. Huyo ale mapema, asilale na shibe, apunguze kitambi.

Binti Marangu:

Samahani nadandia uzi. Baba yangu ana miaka 68, yeye pia anasema vidonda. Chakula kikavu kinakwama kifuani, anasukumia maji. Sasa hivi anakula mtori tu, na huo mtori tunauchuja. Suruali zinamdondoka. Anakunywa dawa ya miti ya jirani tangu Krismasi. Nimwanzishie omeprazoli?

Dokta wa Zamu:

Hapana binti. Huyo mpeleke wiki hii, na umpeleke panapopigwa kamera. Omeprazoli itamtuliza kidogo mkajua anapona, kumbe siku zinaenda. Chakula kukwama na mtu kupungua hivyo tunawaza umio kwanza, na saratani ya umio iko nyingi ukanda huu wetu. Inaweza isiwe hiyo, kuna vitu vingine vinaubana umio, lakini bila kuangalia hakuna atakayejua.

Na nyie wengine wa huku mlimani mnaokunywa chai inatoka kwenye moto inaingia mdomoni, muwe mnaiacha ipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani hiyo.

Binti Marangu:

Anaogopa kamera. Anasema unapasuliwa koo.

Mzee wa Kilombero:

Binti mwambie babu mwenzie kasema hapasuliwi. Mimi nimepigwa. Huli tangu usiku. Wanakupulizia dawa kooni, chungu, ulimi unakuwa mzito unashindwa kumeza mate. Unalala ubavu wa kushoto, wanakuwekea kiplastiki cha kung'ata, mpira unapita hapo. Kibaya ni kubeua, unabeua kama ng'ombe na mate yanachuruzika, nesi anakwambia pumua kwa pua baba, pumua kwa pua. Dakika chache mpira umetoka. Walikata vinyama vidogo vya kupima wala sikusikia. Baadaye koo linakwaruza, ukishaanza kumeza vizuri unakunywa uji wa vuguvugu. Hapo Moshi hospitali ya KCMC wanapiga.

Binti Marangu:

Asante mzee wangu, namsomea hii. Nampigia kaka aje na gari kesho.

Mti Mkavu:

Mnawaogopesha watu na kamera. Mizizi haijawahi kumuua mtu.

Darubini:

Mizizi sita isiyojulikana kwenye ini la mtu anayemeza na dawa za hospitali? Haya.

Mama Belo:

Wakuu nimesoma yote, Mungu awabariki. Diklopa nimempa mume azifungie. Jumatatu naanzia hospitali ya Mawenzi, kadi ya bima ninayo, nitawaeleza habari ya diklopa na vile vipimo vya damu. Dokta, na mume naye apime? Tunakula sahani moja.

Dokta wa Zamu:

Anaumwa tumbo?

Mama Belo:

Haumwi, anakula mpaka ukoko.

Dokta wa Zamu:

Basi mwache kwanza. Wengi wetu tuliwapata hawa bakteria utotoni majumbani mwetu, na wengi hawatuumizi. Ila kama kwao kuna aliyeugua saratani ya tumbo, amwambie daktari, yeye atapimwa hata kama haumwi.

Mama Belo:

Sawa dokta. Darubini, swali la aibu, choo nakipeleka kwenye nini? Nije na kopo la nyumbani?

Darubini:

Usije na kopo la siagi kama wengine. Maabara watakupa kikopo chenye mfuniko na kijiko ndani. Kijiko kimoja kinatosha, usijaze. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, funga vizuri, andika jina, ukipeleke siku hiyo hiyo.