Kinyago cha marehemu baba: ndugu wanataka kiuzwe, nami sijui nakitetea kwa lipi

Mwana wa Dereva
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na tafadhali someni mpaka mwisho.

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, njia yake Dar na Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alirudi kutoka Newala na kinyago cha mpingo, kirefu kama mita moja, watu wamepandiana toka chini hadi juu. Kimesimama pembeni ya kabati sebuleni kwetu Morogoro tangu sijazaliwa. Arobaini imepita, tumekaa kikao cha familia, na kinyago kimezua mjadala. Kuna mtu ametaja laki nne. Kaka anasema tuuze, pesa isaidie kujengea kaburi. Dada anasema ni mashetani, hayafai kukaa nyumba ya watu wanaosali. Mama yuko kimya, ila leo alfajiri nimemkuta anakifuta vumbi.

Mimi moyo unakataa kukiuza, lakini nilipoulizwa "kina faida gani?" nilikosa jibu. Shuleni kwenye Stadi za Kazi nilichora chungu na jembe, nikaishia hapo. Sanaa ni nini hasa? Mtu anajifunzaje kuiona? Halafu kina doa, mstari mweupe ubavuni kama mti ulianza kuoza. Linapunguza thamani?

Chapa Kazi
Pole na msiba mkuu. Mimi ningeuza. Nenda soko la vinyago la Mwenge pale Dar ukaone, vinyago vya ujamaa, hivi vya watu waliopandiana, vimejaa na vinafanana, vimechongwa kwa ajili ya watalii. Kaburi la mzee ni muhimu zaidi, na kumbukumbu yake inabaki moyoni.

Mchonga Mpingo
Pole sana ndugu yangu. Mimi ni Mmakonde, nachonga, na baba yangu alichonga. Babu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge. Naomba usiuze kabla hujafanya haya.

Huo mstari mweupe hauonyeshi kuoza. Mpingo una weupe kwa nje, weusi uko kwenye kiini. Fundi mwenye haraka anauondoa weupe wote, au anaupaka rangi ya viatu ili gogo lote lionekane jeusi. Aliyeuacha sehemu moja tu ana sababu yake. Kitoe mlangoni kwenye jua la asubuhi, ufuate mstari kwa kidole uone umekaa juu ya nini.

Kisha anzia chini. Kinyago kama hicho kinatoka kwenye gogo moja, hakuna gundi wala msumari. Inaanza tezo, inafuata patasi, mwisho tupa na msasa. Patasi ikiteleza mkono wa mtu umekatika, na haurudi. Kwa hiyo fundi lazima azione mapema zile nafasi zilizo wazi katikati ya miili, kabla hata hajagusa mti. Mimi nikitaka kumjua fundi naziangalia hizo nafasi kwanza. Mulika tochi kwa nyuma uone mwanga unapita wapi.

Chapa Kazi, ni kweli vipo vya haraka haraka, hata mimi nimechonga vya namna hiyo nikitafuta ada za watoto. Lakini hebu viweke viwili bega kwa bega uvitazame nusu saa. Hutasema tena vinafanana.

Bi Mwalimu
Mwanangu, pole. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nami nakujibu kwa neno lenyewe. Sanaa imetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni ufundi, kazi ya mkono. Ndiyo maana kwetu aliyenakshi mlango wa Lamu au Unguja, aliyesuka mkeka na aliyetunga utenzi wote wameitwa kwa jina hilohilo. Inaniuma siku hizi kusikia "usanii" ukitumika kwa maana ya ulaghai, maana msanii wa kweli hawezi kuudanganya mti.

Na kuchongwa ili kiuzwe si kasoro. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na alichora ili auze. Alifariki 1972, na mtindo ule bado unaitwa kwa jina lake. Kilichobaki ni jicho lake, jinsi alivyomjaza mnyama mmoja kwenye kibao kizima.

Mtu wa Masasi
Kuhusu dada: Wamakonde wana mtindo unaoitwa shetani, viumbe vya ajabu ajabu, viungo vimepindwa na sura si za binadamu. Huo ni mwingine kabisa. Chako ni ukoo, watu wanabebana, na wazee waliuita *dimoongo* kabla jina la ujamaa halijashika enzi za Mwalimu Nyerere. Mweleweshe kwa upole. Tunasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, lakini yeye hakukichonga, kwa hiyo hofu yake asikilizwe.

Mwana wa Dereva
Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi mimi na mama tumekitoa barazani. Sikujua kama ni kizito hivyo.

Mstari mweupe ni mbeleko! Kuna mwanamke ubavuni kabeba mtoto mgongoni, na weupe umemzunguka kiunoni sawasawa na kitambaa. Mtoto mwenyewe ni mweusi. Miaka yote nimepita pale nikijua ni doa.

Wa chini kabisa ni bibi, ana chale usoni na ndonya, lile pambo la kutoboa mdomo, kwenye mdomo wa juu. Mama alipomwona akavuta kigoda akakaa. Akasema baba alikuwa akirudi safari usiku anamgusa huyo bibi kichwani kabla hajavua viatu. Kweli, pale kichwani pameng'aa kuliko sehemu nyingine yoyote. Dada alikuwa amesimama mlangoni, akasogea akapagusa naye.

Kaka kasema kaburi tutachanga. Tumehesabu watu 17. Mchonga Mpingo, swali moja: wa nne kutoka chini namwona ana mkono mmoja tu. Ulivunjika?

Mchonga Mpingo
Kizungushe. Tazama bega la jirani yake, kwa nyuma. Vidole viko pale.