Rangi ya silva imekataa kuonekana chuma: mavazi ya askari wa Kirumi

Mwanaparokia wa Ipuli, Tabora

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu. Vijana wa parokia yetu wanaandaa igizo la Mateso kwa ajili ya Ijumaa Kuu, nami nimekabidhiwa mavazi ya askari sita wa Kirumi. Kofia nimeziumba juu ya ndoo ndogo kwa magazeti na uji wa unga wa ngano, na vibao vya kifuani nimevikata kwenye maboksi. Maumbo yametoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni rangi. Nimepaka silva ya mageti mikono mitatu, na badala ya chuma nimepata kijivu kilichofifia, chenye michirizi ya brashi, ambacho kikipigwa na mwanga wa pembeni huonesha mistari yote ya boksi na kila mahali vipande vya gazeti vilipopandana. Kwenye mazoezi ya Jumapili, watoto wa Utoto Mtakatifu waliwaita askari wangu "masufuria". Je, niongeze mkono wa nne, au nimekosea tangu mwanzo?

Fundi Rangi, Mwanga, Kigoma

Usiongeze, ndugu yangu, kwa sababu mkono wa nne utakupa sufuria nene zaidi. Mimi napaka magari, na kosa hili huliona kila mwanafunzi mpya anapoanza kazi. Ndani ya rangi ya silva mna chembe bapa za alumini. Zikilala sawasawa juu ya sehemu laini, kila moja hurudisha mwanga kama kioo kidogo, lakini zikikaa juu ya gazeti lenye mikunjo, kila moja hutazama upande wake, mwanga ukatawanyika, nawe ukabaki na kijivu hicho unachokilalamikia. Kazi yenyewe, basi, iko chini ya silva.

Piga msasa hiyo uliyopaka, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mikono mitatu, ukisugua kwa msasa laini kila mkono unapokauka. Halafu fumba macho upitishe kiganja: kidole kikikutana na ukingo wa karatasi, ujue silva itautangaza kwa kanisa zima. Ukiridhika, paka nyeusi ya kung'aa. Kwa mvua hizi, rangi ya mafuta huweza kukauka juu ikabaki laini ndani, kwa hiyo ipe siku mbili kamili. Silva ije mwisho, ya kupuliza ikiwezekana, kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, nyepesi kiasi kwamba weusi bado unaonekana kwenye mabonde na maungio. Huo weusi ndio unaolifanya jicho liamini kuwa kuna uzito.

Tahadhari moja: kama kuna sehemu uliyoichonga kwa lile povu jeupe linalofungia televisheni, usiipulizie moja kwa moja, kwani kiyeyusho kilichomo kitalila mbele ya macho yako.

Kijana wa Ujiji

Sisi shuleni tulivunja betri kavu za tochi tukatumia ule unga mweusi. Hatukulipa hata senti.

Fundi Rangi, Mwanga, Kigoma

Mdogo wangu, acha hizo betri. Unga ule ni manganizi iliyochanganywa na kaboni. Haung'ai hata ukiusugua mpaka asubuhi, na kuuvuta puani ni hatari.

Mrina Asali, Sikonge

Nakubaliana na Fundi kuhusu weusi wa chini, ila kwa chuma cha kale mimi nisingepaka silva hata kidogo, maana chuma halisi ni cheusi kuliko tunavyodhani. Nunua penseli za wachoraji za 6B, ambazo risasi yake ni laini, usage risasi hiyo iwe unga, kisha uisugue kwa kitambaa cha pamba juu ya rangi nyeusi isiyong'aa. Mng'ao utatokea chini ya kidole chako, wa kijivu kizito, nao utakuwa mkali zaidi kwenye kingo ambako mkono hukandamiza, kama ilivyo kwa jembe lililotumika. Mwishoni pitisha nta ya nyuki kidogo sana, iliyolainishwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto wala si juu ya moto wenyewe, ili unga usiwachafue waigizaji. Nta ije baada ya kila kitu, kwa sababu rangi haishiki juu yake.

Mwalimu wa Historia, Urambo

Naongeza jambo la kukupunguzia kazi. Pilato alitawala Yudea kati ya mwaka 26 na 36, na askari aliokuwa nao walikuwa hasa wa vikosi vya wasaidizi, ambao vazi lao la kawaida lilikuwa fulana ya pete za chuma. Vibao vya boksi si vya lazima. Fuma fulana kwa kamba nene ya katani, mishono mikubwa iliyolegea, uichovye kwenye rangi nyeusi, na ikikauka upitishe juu yake brashi yenye silva iliyokwisha kufutwa kwenye gazeti mpaka karibu ikauke. Ukiwa benchi la tatu huoni katani.

Mwanaparokia wa Ipuli, Tabora

Nimejaribu kofia moja kwa njia ya Mrina Asali na nyingine kwa njia ya Fundi, nikaziweka altareni jioni taa zikiwa zimewashwa. Ya silva juu ya nyeusi inafaa kwa akida, kwa kuwa inaonekana hadi mlangoni. Ya penseli, kwa mbali, inazama gizani, lakini ukiishika mkononi unashangaa kwamba haina uzito. Katekista aliigonga kwa ukucha kabla ya kuniamini. Askari wa kawaida watavaa hiyo, nikiipitishia silva kidogo kwenye kingo tu, kabla ya nta. Vibao vya boksi nimeviweka kando. Aliye karibu na Soko Kuu na anayejua inapouzwa kamba nene ya katani kwa kilo, tafadhali anijulishe bei.