Ulinganisho: programu zilizofungwa, programu huria au huduma ya bure mtandaoni, chama kichague ipi?

Katibu_Mchovu
Wakuu salaam. Mimi ni katibu wa chama chenye wanachama mia tatu na ushei. Kazi zetu ni daftari la wanachama, michango, mihutasari ya vikao, na uchaguzi wa viongozi unakaribia. Napima njia tatu:

A: programu za ofisi za kulipia, zilizofungwa, yaani ndani huruhusiwi kuona. Unapewa leseni, basi.
B: LibreOffice (programu huria za ofisi) juu ya Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mahali pa Windows), kwenye kompyuta zetu wenyewe.
C: huduma ya bure mtandaoni, kila kitu kikae kwenye seva za kampuni.

Mweka hazina anataka C. Kijana mmoja wa kamati amekomaa na B, anasema bila programu huria hakuna jamii huru. Hapo ndipo aliponipoteza. Jedwali la michango na uhuru wa jamii, wapi na wapi?

Bawaba
C. Haina gharama, haina ufundi. Mada ifungwe.

MzeeWaTeminali
Usifunge mapema, mkuu. Kiswahili kimetufanyia hisani hapa: bure ni bei, huru ni hali. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa yote mawili, ndiyo maana Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, tangu alipotangaza mradi wa GNU (wa kuunda mfumo huria wa kompyuta) mwaka 1983, hajapumzika kufafanua kwamba hazungumzii bei. Programu huria inapimwa kwa mambo manne: uitumie kwa kazi yoyote, uichungulie ndani na kuibadilisha, umpe mwenzako nakala, na usambaze hata ile uliyoibadilisha. (Wanayahesabu kuanzia 0. Tabia za waandika programu, tuwasamehe.) Hakuna linalokataza kuuza.

Sasa ipime C. Ni bure, ila kati ya hayo manne haikupi hata moja. Kuichungulia tu huwezi, maana haipo kwako. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kunguru_Mweupe
Kuhusu kuazima: mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya 1984 ya George Orwell kutoka kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kuinunua, kwa kuwa aliyeiweka sokoni hakuwa na haki nayo. Pesa walirudishiwa. Lakini kati ya vitabu vyote, kikafutwa kile kinachosimulia dola inayofuta maandishi ya jana!

WakiliKando
Katibu, umeuliza wapi na wapi. Isome kesi ya Posta ya Uingereza.

Wakuu wa matawi walilazimishwa kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kutoka Fujitsu. Mfumo ukawa unaonesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Mtu anafunga hesabu jioni, skrini inamwambia anadaiwa. Wengine walijazia kutoka mifukoni mwao mpaka wakafilisika. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, baadhi wakafungwa jela, wapo waliojiua. Na sheria ilichukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka mshtakiwa aoneshe kasoro. Utaioneshaje kasoro ya kitu usichoruhusiwa kukifungua? Wakuu wa matawi 555 walipoungana kushtaki ndipo mwaka 2019 jaji akatamka kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu. Hukumu nyingi zilifutwa kwa sheria ya bunge mwaka 2024. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Ukipenda ita ni programu ya hesabu tu. Mle ndani mna kanuni inayoamua nani mwizi, na mtuhumiwa haruhusiwi kuisoma.

Bawaba
Inasikitisha, sikatai. Ila ile ni taasisi ya nchi, hiki ni chama cha watu mia tatu. Na hata msimbo (maandishi yanayounda programu) ungekuwa wazi, nani angeusoma? Mimi siwezi. Wewe wakili unaweza?

WakiliKando
Siwezi. Ningemleta shahidi anayeweza. Sheria nyingi nazo hujazisoma, mkuu, lakini ukiambiwa ni siri ya kampuni utakubali kuhukumiwa nazo?

FundiSeva
Niko upande wa B, lakini nisaidie Bawaba kidogo, maana watu wa huria tuna kaugonjwa ka kujisifu. Msimbo kuwa wazi si sawa na msimbo kusomwa. Heartbleed, kasoro ya usalama iliyogunduliwa 2014, ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, wazi kabisa, na ilikaa humo kama miaka miwili. Mwaka 2024 ikaja ya xz, programu huria ya kubana mafaili: mtu alijenga uaminifu kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliunasa baada ya kuona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Aliweza kufuatilia kwa sababu hakuna aliyemzuia kufungua. Lakini mradi wenyewe ulikuwa umebebwa na mtu mmoja wa kujitolea, tena amechoka.

Pia kuhama ni kazi. Jiji la Munich lilifikisha kompyuta kama 15,000 kwenye Linux, mradi ukakamilika 2013, na 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Siasa zilikuwemo, na manung'uniko ya watumishi yalikuwemo. Katibu, ukibadilisha kila kitu siku moja, wazee wa kamati watakuchukia hadi kustaafu. Anza na LibreOffice kwenye mashine mlizonazo, hifadhini kwa ODF, muundo wazi wa mafaili ya ofisi, ambao ni kiwango cha ISO (shirika la viwango la kimataifa) tangu 2006. Linux ifuate baadaye, au isifuate.

Katibu_Mchovu
Naanza kuelewa. Na uchaguzi? Kijana anasema kuna programu huria ya kupigia kura.

MzeeWaTeminali
Hapo mimi mwenyewe nasema hapana. Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitamka kwamba mashine za kura zilizotumika mwaka 2005 zilikiuka katiba: hatua muhimu za uchaguzi lazima raia aweze kuzikagua bila utaalamu maalumu. Kipimo hicho hata programu yangu huria inafeli. Karatasi na sanduku. Watu mia tatu mnahesabu kabla chai haijapoa.

Bawaba
Kwa hiyo shabiki wa programu anakataa programu. Leo nimekuheshimu.

Katibu_Mchovu
Basi nitapeleka hivi kwenye kamati: LibreOffice na ODF kwa hesabu na daftari, kura za karatasi, C tuitumie kwa matangazo tu. Mweka hazina atauliza jambo moja: kompyuta ikiibiwa?

FundiSeva
Nakala rudufu mbili, zimefungwa kwa nywila, moja isilale ofisini. Na kila mwezi mmoja wenu ajaribu kuifungua, asiishie kuitazama.