Wakuu naombeni ushauri: PS4 yangu imechoka, nichukue PS5 au nihamie kwenye PC?

MtotoWaTandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba niwasimulie kidogo ndipo mnishauri, maana hili jambo wiki ya pili sasa linaninyima usingizi.

Gemu nimeanza nikiwa darasa la nne, Tandika, kwenye kibanda cha jirani yetu kilichokuwa na PS1 mbili na TV za chogo. Ukitaka kucheza unaweka hela yako juu ya TV, hiyo ndiyo foleni. Ukifungwa unanyanyuka. Ikaja PS2 na Winning Eleven. Nilikuwa na memori kadi yangu ya MB 8, nimeiviringisha kwenye karatasi ya daftari, inakaa mfuko wa shati la shule. Ndani yake kulikuwa na Master League yangu ya misimu saba. Mwenye kibanda akiniona naingia anachomoa kadi yake ananipisha. Ile kadi ninayo mpaka leo.

PS4 nilinunua 2017 kwa hela ya kwanza ya maana niliyowahi kushika. Sasa hivi nikiweka gemu la mpira la FC (ndiyo FIFA ya zamani), mashine inaanza kunguruma kama jenereta, baada ya dakika ishirini hivi inajizima yenyewe. Pedi moja nayo analogi inajiendea, mchezaji anakimbilia kona ya kushoto na mimi sijagusa kitu.

Nimejibana nimepata 1,700,000. Nakaa Tabata, nina mke na mtoto mmoja. Mchana niko dukani, usiku nahariri video za harusi na sendofu kwa laptopu ya kuazima. Jumamosi usiku nyumbani kwangu ni siku ya watu: shemeji yangu na majirani wawili, kila mtu anakuja na pedi yake.

Miaka yote nimesimama hapohapo: PS ni ya kukaa na watu, kompyuta ni ya mtu kujifungia chumbani peke yake. Nimeshagombana na rafiki yangu kwa maneno haya. Lakini sasa nina kazi inayotaka kompyuta, na hela ya vyote viwili sina. Nishaurini bila ushabiki. Nawasilisha.

Kaka_B450:

Mkuu karibu kwenye PC, utajuta umechelewa. Bodi yangu mimi (motherboard) ni B450. Nilianza na prosesa ya Ryzen 5 2600, baadaye nikaapdeti BIOS (programu ya bodi yenyewe) nikaweka Ryzen 5 5600 juu ya bodi ileile, RAM ileile, kesi ileile. Kwenye PS ukitaka nguvu zaidi unanunua boksi zima upya.

Halafu mtandaoni hulipii kucheza na wenzako. Kwenye PS4 na PS5, gemu la kununua kama FC ukitaka kucheza mtandaoni lazima ulipie PS Plus, labda yale ya bure kama Fortnite. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya PC, bei zinashuka sana nyakati za punguzo, na ukinunua gemu likakukataa unarudishiwa hela yako, mradi hujalicheza zaidi ya saa 2 na hazijapita siku 14.

MwanaWaSinza:

Kaka_B450 umesema kweli ila umeruka jambo moja ambalo hapa Dar ndilo linalotuweka mjini: CD. Mimi tangu nianze PS4 magemu niliyonunua mapya hayafiki matano. Mengine yote nimebadilishana. Namaliza langu, nampelekea jamaa wa Mwenge, ananipa lake, naongeza kidogo au naongezwa. Gemu la Steam ukishalimaliza limekaa hapo, humuuzii mtu.

Kwa hiyo mleta mada, ukienda kwa PS5 usikubali ile ya dijitali isiyo na sehemu ya CD hata wakikupunguzia. Na ukichukua yenye CD, karibu magemu yako yote ya PS4 yataingia humo humo. Angalizo: kwenye PS5 Slim kile kisomeo cha CD kinachomoka, na mara ya kwanza kinataka intaneti ili kijisajili na mashine. Ukinunua iliyotumika hakikisha mnaiwasha mbele yako na CD ndani.

GTA VI nayo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. GTA V ilitoka Septemba 2013, watu wa PC wakaipata Aprili 2015. Hesabu mwenyewe.

FundiPedi:

Mkuu Tandika, kabla hujatoa hata shilingi, hiyo PS4 imefunguliwa mara ngapi tangu 2017? Kama jibu ni haijawahi, haijafa hiyo. Imeziba.

Kinachotokea ni hivi. Feni inavuta hewa ya sebuleni, na vumbi la Dar linakwenda kukaa kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Linajishona pale kama blanketi. Wakati huohuo ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma imekauka, ukiigusa inapukutika kama chokaa. Joto halina pa kutokea, feni inaongeza kasi, ndiyo huo mngurumo, mwisho mashine inajizima ili isiungue. Kusafisha na kupaka dawa mpya ni kazi ya saa moja na nusu. Ukifanyiwa na mtu anayejua, hulii.

Wakazi wa karibu na bahari, Kunduchi, Kigamboni, huwa naona na kutu kwenye bandari ya HDMI. Na mende wanapenda PS4 kuliko kitu chochote kwa sababu pawa saplai iko ndani na ni ya joto. Usiiweke sakafuni.

Pedi: analogi za kawaida zina kipande kidogo kinachosuguana kila unapozungusha, kikilika ndipo mchezaji anajiendea. Kubadilisha inawezekana, fundi lazima ayeyushe risasi kwenye miguu yote. Siku hizi zipo analogi za sumaku zisizosuguana. Mwambie akuwekee hizo.

Ukishaamua PC, usinunue kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) mtumba kwa kuangalia picha ya WhatsApp. Septemba 2022 sarafu ya mtandaoni ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, kadi nyingi zilizokuwa zinachapwa kazi mchana na usiku zikaingia sokoni. Nyingine ni nzima kabisa, nyingine zimechoka. Iwashwe mbele yako, icheze gemu zito nusu saa. Ukiona vidoti vya rangi au mistari, ondoka.

BintiPwani:

Kaka pole na karibu. Mimi nina PS5 na naipenda, ila nikwambie kitu ambacho wauzaji hawakwambii. Duka la PlayStation kwa Tanzania rasmi halipo. Wote tunatumia akaunti za nchi nyingine, na vocha lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Nilifungua akaunti ya Uingereza, nikaenda kununua vocha, muuzaji akaniuzia ya Marekani akasema zote ni sawa. Siyo sawa. Ilikataa, na hela hakurudisha. Nililia siku ile, ilikuwa zawadi ya mdogo wangu.

Mnakumbuka Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye PC nao wawe na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation? Gemu likaondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170, zile ambazo PSN haipo. Waliliacha lile sharti baada ya watu kupiga kelele dunia nzima. Mimi pale nilielewa kwamba kwenye meza yao sisi hatumo. Steam bei ni za dola, lakini angalau unanunua ukiwa Mtanzania.

Unit28:

Naongezea la umeme, nimeona hakuna aliyegusa. Kwa bei za sasa, unit moja kwa mteja wa kawaida ukijumlisha kodi na tozo inafika kama shilingi 356, ndiyo maana elfu kumi inakupa unit 28. Lakini nyumba isiyozidi unit 75 kwa mwezi inaweza kuwa kwenye kundi la chini, ambako unit ni kama shilingi 122.

PS5 kwenye gemu zito inakula karibu wati 200, PC ya kati na monita yake wati 300 hivi. Saa 4 kila siku: PS5 unit 24 kwa mwezi, PC unit 36. Nyumba ya unit 50 ukiiongezea 36 umetoka kwenye kundi, na sasa friji na pasi navyo unavilipia bei ya juu. Angalia mita yako kwanza. Na usichomeke chochote kati ya hivyo bila UPS (betri ya kukinga umeme), umeme ukirudi kwa kishindo unaondoka na kitu.

MtotoWaTandika:

Asanteni sana wakuu. Fundi, haijawahi kufunguliwa hata siku moja. Unit28, kwangu tuko kwenye unit 60, sikuwahi kulifikiria hilo. Binti Pwani pole sana dada.

Mlioniuliza inboksi: TV ni inchi 32, ya kawaida, siyo 4K. Kuhariri natumia DaVinci Resolve ya bure. Laptopu inakwama nikiweka rangi tu. Harusi moja wiki mbili.

MkongweWaMagomeni:

Mwanangu, nimesoma uzi wote. Nina PC tangu enzi za kukopi gemu kwenye CD tupu, na PS ninazo kuanzia ya kwanza mpaka ya nne. Nina umri wa kukuzaa, ngoja niseme ninavyoona.

Hilo la kwamba kompyuta ni ya mtu mmoja siyo kweli tena. Yangu nimeichomeka HDMI kwenye TV ya sebuleni, pedi za PS4 zinaingia kwa waya, Steam inazitambua palepale, tunakaa wanne tunacheza mpira. FC ya PC tangu FIFA 23 ni ileile ya PS5, na mtandaoni wanakutana. Wa PS4 wamebaki upande wao na Xbox One.

Lakini kuna ukweli ndani ya msimamo wako na sitaki uutupe. Idi iliyopita walikuja wajukuu na marafiki zao. Nikawasha PC. Windows ikaanza kujiapdeti. Ikaisha, programu ya duka nayo ikataka apdeti. Ikaisha, ikataka nenosiri, na nenosiri liko kwenye simu ambayo mama yao ameenda nayo sokoni. Watoto sita wamekaa mkekani wanaangalia duara linazunguka. Dakika arobaini. Mdogo kabisa akanyanyuka akaenda kuwasha PS3 iliyo chini ya kabati, na ndani ya dakika mbili nyumba nzima ilikuwa inapiga kelele. Nilisimama pale mlangoni nikawaangalia. Mgeni akishashika pedi asisubirishwe, na hapo PS haijapata mpinzani.

Sasa jambo lako. Kwa inchi 32 ya kawaida, PS5 utaifaidi nusu tu. FC 26 imetoka mpaka kwa PS4. Kwa hiyo mpe fundi PS4 aisafishe, ibaki hapo ilipo, iwe ya Jumamosi. Hela kubwa nunulia kompyuta ya kazi. DaVinci inaegemea sana kadi ya grafiki, kwa hiyo kadi utakayonunua kwa ajili ya harusi ndiyo hiyohiyo ya gemu. RAM isipungue GB 16, ila uliza bei kabla hujapanga bajeti, maana mwishoni mwa 2025 zilipanda dunia nzima, viwanda vinakimbilia seva za akili mnemba.

Kama hela itabana, kuna njia ya wenye subira: kompyuta za mezani za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex. Chukua ile ndefu, siyo nyembamba. Nyembamba inataka kadi fupi maalumu. Pawa saplai zake ni ndogo na plagi zake siyo za kawaida, kwa hiyo weka GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, inakula wati 75 tu. Siyo mashine ya kujivunia, ila harusi itatoka kwa siku nne badala ya wiki mbili, na harusi hizo ndizo zitakazonunua kadi kubwa na mashine ya kuibeba. Magemu ya PS yatakufuata huko. God of War ya 2018 ilifika PC Januari 2022, Spider-Man Agosti mwaka huohuo.

Kaka_B450:

Mzee umeongea. Nami naongeza, hakikisha Windows 11 inaingia kwenye hiyo mashine. Windows 10 msaada wake uliisha Oktoba 2025, na OptiPlex nyingi za zamani prosesa zake hazikubaliki kwenye 11. Tafuta yenye Intel kizazi cha 8 kwenda juu.

MtotoWaTandika:

Wakuu narudi na mrejesho. Jana nimeipeleka PS4 kwa fundi wa huku Tabata, nikakaa pembeni nimeangalia mwanzo mwisho. Alipotoa feni, nyuma yake kulikuwa na kipande cha vumbi kimeshikana kama kitambaa, alikitoa kizima kwa koleo. Ile dawa ya prosesa imekuwa vigae. Na mende, ndiyo, watatu wamekauka kwenye pawa saplai.

Usiku niliweka FC, nikacheza mechi tano mfululizo. Mke wangu akaniuliza kutoka chumbani kama umeme umekatika, hakusikia mngurumo.

Kwa hiyo PS4 inabaki, na Jumamosi watu wangu wanakuja kama kawaida. Pedi nayo imewekwa analogi ya sumaku. PS5 nitaifikiria GTA ikitoka na harusi zikienda vizuri. Hela iliyobaki ni 1,620,000. FundiPedi, nimeona OptiPlex ndefu kizazi cha 8 Kariakoo, muuzaji ana na GTX 1650 pembeni. Unaweza kunisindikiza?

FundiPedi:

Jumamosi saa tatu asubuhi, tukutane kituo cha Msimbazi. Uje na flashi, weka kipande cha harusi moja unayoihariri, kile kizito kuliko vyote. Tutakifungulia palepale dukani.