Yule wa dirisha la mwisho ana nini na sisi wanafunzi wa nje??

BintiChumbageni:

Nimetoka pale pa vibali vya wanafunzi wa nje sasa hivi, niko ndani ya tuktuk hata Mwembe Tayari sijafika, mikono inatetemeka na dereva anaruka mashimo yote ya mji huu kwa makusudi, kwa hiyo herufi zikipotea mjazie wenyewe.

Mnamjua. Msiniulize nani. Kila aliyekuja kusoma Mombasa kwa pasipoti anamjua, yule wa dirisha la mwisho mwenye kikombe chake na stepla yake, ukimsalimia anaitikia kwa stepla.

Ati UMEKUJA KUSOMA AU UMEKUJA KUTAFUTA MUME??

Mimi. Mbele za watu.

Pasi yangu ya mwanafunzi inaisha mwezi ujao, nikasema niwe mtoto mwema niende mapema kuongeza muda, si ndivyo wanavyotaka. Fomu nimejaza mtandaoni, barua ya chuo ninayo, barua ya baba kwamba ndiye anayenilipia ninayo, kopi ya pasipoti ninayo mpaka zile kurasa tupu, picha za rangi ninazo. Barua ya chuo peke yake nimemwandama karani mpaka mkewe akaanza kunishuku. Leo nimefika wauza mahamri bado hawajawasha moto, nikasimama kwenye foleni hadi kivuli changu kikachoka kikakaa chini.

Zamu yangu ikafika. Anatazama picha. Ananitazama. Anatazama picha tena. Anasoma kozi, uhandisi wa mitambo ya meli. Anashusha miwani puani, anavuta pumzi, "binti, umekuja kusoma au umekuja kutafuta mume?" halafu KWA! stepla. Jibu hakungoja.

Foleni nzima ikacheka. Kulikuwa na masista wawili wa kanisa, wamecheka. Kulikuwa na Wachina, neno la Kiswahili hawajui, wamecheka. Mlinzi kapunguza redio ili asikie vizuri.

Mume gani mimi wa kumfuata kwenye injini ya meli? Tanga wameisha? Bibi yangu mzaa mama kazikwa Kikowani, mama mdogo yuko Majengo na wajukuu, nikivuka pale Horohoro nikiingia Lungalunga watu wananiuliza shangazi hajambo, leo naambiwa nimekuja kuvua waume.

Na hamjasikia bado. Ile stepla imepiga juu ya jina la baba. Sasa barua inasomeka nafadhiliwa na "Bw. Moh" kisha chuma. Akaishika, akaikunjia uso, akanirudishia, ati jina la mfadhili halisomeki, kalete barua nyingine. HALISOMEKI KWA STEPLA YAKE MWENYEWE

---

KuliWaKilindini: Pole sana dadangu. Sasa mume umepata ama hukupata? Uzi umeukatia patamu.

Vipuri_Sabasaba: Mimi nina duka la vipuri, sivuti, sinywi, mamangu ni mtu wa watu. Na wewe mambo yako ni injini. Barua yangu nipeleke dirisha gani?

BintiChumbageni: Sicheki na mtu leo. Nyinyi hamkuwepo. Watu mia walikuwa pale, MIA, na mtu akaja kutoka nje kuuliza wenzake kwani amesemaje, akasimuliwa, akacheka upya peke yake. Kutafuta mume! Na stepla!

KuliWaKilindini: Hapo juu walikuwa masista wawili na Wachina. Hii foleni yaongezeka kila ukituma.

Bi_Kaimati: Mwanangu usijitie presha, huyo namjua tangu miwani yake haijaja. Mimi nilimpeleka mtoto wa dadangu wa Unguja, kitoto hata ndevu hakina, chasoma kidato. Akamtazamaaa, akamwuliza "na wewe wake umewaacha wangapi huko?" Mtoto kalia. Mpaka leo ukimtajia pasipoti aingia chooni.

Tudor_Juu: Ni yule ambaye ukipiga chafya anaangalia kalenda???

Bi_Kaimati: Huyo huyo!

Tudor_Juu: Basi mimi nshasamehe, niko hai alhamdulillahi, wengine hawakutoka.

MzeeWaMakadara: Tuache mzaha kidogo. Binti, utaratibu ni huu. Hakikisha ombi limeingia kabla ya pasi kwisha, maana ikishakwisha wewe si mwanafunzi tena, ni mtu aliyezidisha muda, na hapo maneno huwa mengine. Pili, mgeni akikaa Kenya zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili apewe kitambulisho cha mgeni, na hicho ni kitu mbali na pasi, kina ombi lake na alama za vidole vyake. Wanafunzi wengi huvichanganya wakadhani wakipata kimoja wamemaliza. Sheria yenyewe ni ya 2011, iko wazi, mtu asome.

Vipuri_Sabasaba: Mzee umeulizwa habari ya stepla.

MzeeWaMakadara: Stepla haimo kwenye sheria.

Ngazija_Mjini: Samahanini, mimi nitasema na mnitukane. Nyinyi wa Tanga mwalia nini hasa? Wewe ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya soko la pamoja imeanza kazi Julai 2010, pasi ya mwanafunzi kwenu haina ada, BURE, unakwenda pale unachekwa bure unarudi. Mimi wa Moroni, Komoro, nalipa kisha nachekwa. Wangazija tumejaa Mombasa kabla ya babu yake huyo wa dirishani kuzaliwa, maulidi tunasoma pamoja, harusi tunaoana, lakini kwenye karatasi mimi ni mtu wa mbali. Kongo wameingia 2022 sawa. Somalia wakaingia 2024 sawa. Sisi tumekaa hapo baharini twapunga mkono tu. Mimi ningeulizwa habari ya mume kwa pasi ya bure ningemjibu ndio bwana, unaye?

BintiChumbageni: Bure haimpi mtu ruhusa ya kunidhalilisha. Na nauli je? Na kopi? Na barua ya pili sasa baba aandike Tanga, apige muhuri, aitume kwa basi, nikaifuate stendi. Kwa sababu ya KWA moja tu.

Ngazija_Mjini: Yangu ilipotea nzima. Si jina, nzima. Faili lote. Nikaambiwa "labda hukulileta".

Tudor_Juu: Haya, mashindano yameanza.

Mjerumani_wa_Majengo: Mimi ni mtoto wa Majengo, niko Ujerumani mwaka wa tatu, nawasoma hapa naona mnadekezwa. Huko kwenu unamwona mtu kwa macho! Hapa kumwona mtu ni miadi, na miadi yafunguliwa mtandaoni usiku wa manane, ukipepesa zishaisha. Pesa za kuonyesha kwamba utajilisha wazifunga kwenye akaunti, yuro 11,904 za mwaka mzima, kisha wakuachia 992 kwa mwezi, pesa zako mwenyewe unapewa kwa kijiko. Kibali changu kikaisha kabla ya miadi, nikapewa karatasi ya kusema nisubiri na nihesabiwe halali. Nimetembea na hiyo karatasi mfukoni mpaka ikachakaa, mwenye nyumba aitazama hivi, benki yaitazama hivi. Hakuna aliyeniuliza habari ya mke wala mume. Natamani hata angeniuliza.

KuliWaKilindini: Huyu yuko mpweke jamani, mtafutieni.

Pune_Nimerudi: Ujerumani si kitu. Mimi 2019 nimeingia India, viza ya zaidi ya siku 180, wajisajili FRRO, ofisi yao ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, mambo yote mtandaoni, raha. Ila wanataka uthibitisho wa unapolala, na mwenye nyumba ndiye wa kujaza Fomu C, ya kusema kampokea mgeni. Mwenye nyumba wangu hataki, aona akijaza fomu serikali itajua ana vyumba. Siku zakatika. Nikimfuata mlangoni mkewe asema ameenda hekaluni. Kila nikienda yuko hekaluni! Mtu mcha Mungu vile sijaona. Mwisho nikamkuta kajificha nyuma ya friji, wallahi, miguu yaonekana.

Bi_Kaimati: Nyuma ya friji 😂😂😂 akajaza?

Pune_Nimerudi: Akajaza pale pale, juu ya friji. Jina langu kaandika la kike.

BintiChumbageni: Jamani samahani, uzi ni wangu. Mimi leo nimeulizwa mbele ya watu mia tatu kama nimekuja kutafuta mume. Na aliyenicheka zaidi nimemtambua, ni mhadhiri wetu wa somo la boila, alikuwa kaja na wageni wake. Jumatatu nakaa naye darasani. Atafundisha boila mimi nitasikia KWA.

Vipuri_Sabasaba: Mia tatu sasa. Kufika magharibi itakuwa kaunti nzima.

Msimamizi: Wanachama, kumbuka kanuni. Hakuna kutaja jina la mtumishi wa umma wala la ofisi humu.

Tudor_Juu: Hakuna aliyetaja.

Msimamizi: Najua. Lakini nimeletewa ujumbe na watu kadhaa wakiuliza "si ni yule wa stepla?"

KuliWaKilindini: Msimamizi na wewe wamjua, sema tu.

Msimamizi: Mke wangu ametoka Arusha. Sina la kuongeza.

Bi_Kaimati: Binti hebu niulize, hiyo picha ulipiga wapi? Maana pengine kosa lote latoka kwenye picha. Umepaka wanja?

BintiChumbageni: Picha nimepiga kwa yule wa fotokopi wa nje, chini ya mwavuli.

Tudor_Juu: YULE!!!!

Ngazija_Mjini: Basi umepatikana. Yule ndiye adui wa kweli. Mimi alinitoa bila masikio. Kanifutia nyuma ili iwe nyeupe, akafuta na masikio.

Pune_Nimerudi: Mimi alinifunga tai. Sikuvaa tai. Kaniwekea kwa kompyuta, tai ya bluu, fundo liko kidevuni.

Mjerumani_wa_Majengo: Huku tangu Mei 2025 picha ya karatasi hawaikubali kabisa, yapigwa kidijitali yaenda moja kwa moja. Huyo wa mwavuli angekufa njaa.

MzeeWaMakadara: Huyo kijana nimemwonya. Kopi moja alikuwa akitoza bei ya kawaida, akiona bahasha ya pasipoti mkononi bei yapanda. Nikamwambia mimi ni wa hapa hapa Makadara, akaniambia mzee foleni haibagui.

BintiChumbageni: Sawa lakini stepla

Bi_Kaimati: Mwache mtoto wa watu ale, mwavuli wenyewe mbovu. Mimi namwendea kwa sababu pale karibu kuna yule mama wa viazi karai.

Vipuri_Sabasaba: Yule viazi vyake siku hizi unga mtupu, kiazi wakitafuta kwa tochi.

Bi_Kaimati: Wewe umekula saa ngapi? Vya asubuhi ndivyo. Ukwaju wake hakuna mji huu mzima.

Vipuri_Sabasaba: Ukwaju wa maji! Nenda Kibokoni uonje ukwaju.

KuliWaKilindini: Kibokoni wapi tena, pale pa kona palifungwa.

Ngazija_Mjini: Hapakufungwa, wamehamia upande wa pili, wanafungua baada ya alasiri. Nani yuko mjini twende?

Mjerumani_wa_Majengo: Mnaniua nyie, huku saa hii nala mkate na jibini. Pigeni picha angalau.

Vipuri_Sabasaba: Naenda na pikipiki. Msipige picha kwa yule wa mwavuli, atakifuta kiazi.