Tumelipia ziara ya kwao babu Oman, kijijini tukapewa dakika 25. Nataka pesa ya mama yangu irudi

Assalaam alaykum wanajamvi. Wiki ya tatu hii tangu turudi Unguja, na jana usiku nimemkuta tena mama kashika simu anatafuta picha ya mlango ambao hatukuwahi hata kuusogelea. Nimeshindwa kunyamaza.

Babu yake mama alitoka Mudayrib, mkoa wa Sharqiyah, akapanda jahazi bandari ya Sur na kuja Unguja na kaskazi. Upepo huo kwetu ni msimu wa joto, kwao ni majira ya baridi, na ndio uliokuwa ukileta majahazi huku kila mwaka. Ndiyo maana mama, ana miaka 74, alishikilia kuwa akienda ataenda Desemba, wakati ule ule waliokuwa wakitweka tanga. Wakala wa hapa mjini nilimweleza yote haya ofisini kwake, akaandika kwa mkono wake kwenye ratiba: siku ya nne Mudayrib, saa 3 asubuhi mpaka adhuhuri. Siku ya tano Sur. Tukalipa milioni 3 na laki 8 kwa kila mtu, watu sita, tiketi ya ndege mbali. Sehemu kubwa ni pesa ya mama, kodi ya vyumba viwili aliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka.

Muscat sina neno. Ngome ya Nizwa pia tuliiona kwa nafasi, ule mnara wake wa duara wa karne ya 17 unastahili safari. Balaa lilianza tulipotaka kupanda mlima wa Jabal Akhdar. Wametuletea kosta! Barabara ile ina kizuizi cha polisi pale Birkat al Mawz, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti. Kila anayefanya biashara ya utalii Oman analijua hilo. Tukarudishwa, tukakaa kando ya barabara saa mbili na nusu, kisha kiongozi wetu akatutaka riyali 60 za kukodi magari mengine. Kufika juu jua limeshuka, baridi inakata mifupa, na karatasi waliyotupa ilisema tubebe nguo nyepesi. Wanangu wawili walijifunika kanga za bibi yao.

Hilo ningelisamehe. La siku ya nne silisamehi.

Tulitoka Nizwa saa 2 asubuhi. Tukapelekwa duka la halwa. Tukatoka hapo tukapelekwa duka la majambia na fedha, halafu la ubani na udi, halafu chakula cha mchana kwa rafiki yake kiongozi. Kila nikiuliza naambiwa "sasa hivi, ndugu yangu." Kwenye duka la ubani nilimwona kwa macho yangu akihesabiwa noti nyuma ya kaunta. Kumbe sisi ndio bidhaa.

Mudayrib tumeingia saa 11 jioni. Desemba kule jua linazama kabla ya saa 11 na nusu. Mama alishuka bila kusema kitu, akafuata ukuta wa udongo mpaka kwenye falaj, ule mfereji wa maji, maana baba yake alikuwa akimhadithia kwamba maji yanapita chini ya nyumba yao. Akavua viatu, akakusanya baibui magotini, akatia miguu. Maji ya falaj yana uvuguvugu wakati wa baridi. Akaniita nije niyaguse.

Hapo akatokea mzee mmoja na bakora yake, katusikia tunavyoongea. Akasema, "Nyie watu wa Unguja?" Kiswahili cha Mjini kabisa. Kazaliwa Malindi ya hapa Unguja. Mama akamtajia jina la babu yake, mzee akaufikiri kidogo ule ukoo, akanyoosha bakora juu ya kichochoro: "Mlango wa nakshi ule, wa tatu. Lakini kwanza ingieni ndani mnywe kahawa."

Na kosta ikaanza kupiga honi.

Nilikwenda kumwomba dereva nusu saa tu. Kiongozi akajibu muda umekwisha, hoteli inasubiri. Mama alimwambia mzee wa watu, nyumbani kwake, kwamba kahawa hatutaweza. Anayejua desturi za Waarabu wa kule anajua maana ya neno hilo. Mama hakuongea njia nzima.

Sur yenyewe ilifutwa kesho yake, eti mbali. Pwani alipopandia babu hatukuiona, wala lile jahazi la Fatah al-Khair lililoundwa pale mwaka 1951, ambalo mama alilisoma mpaka akalijua kwa jina.

Wakala nimemwendea mara tatu. Mara ya mwisho kaniambia, "Si mmefika lakini?"

Ninachotaka ni pesa ya siku ya nne na ya tano, riyali zetu 60, na aje nyumbani amtake radhi mama uso kwa uso. Ratiba yenye mwandiko wake ninayo. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko Kamisheni ya Utalii anielekeze wanataka vielelezo gani.

Na kama kuna ndugu yeyote Ibra au Mudayrib anayesoma hapa: yule mzee wa Malindi anakaa kichochoro cha kwenye falaj. Mfikishieni salamu za mama, mwambieni kahawa yake tunaidai. Na ule mlango wa tatu, tafadhali, tupigieni picha.