Tupeane uzoefu: surua, pepopunda, polio... nani aliyaona kwa macho yake hapa Tanga?

Mwana Makorora: Wadau habari za jioni. Leo nilikuwa kliniki na kijana wangu, sindano ya surua na rubela ya miezi 18. Mama mmoja kwenye benchi akalalama, ya pili ya nini wakati ya miezi tisa kashapata? Bibi aliyemsindikiza mkwewe akamgeukia: "Mwanangu, wewe hujaiona surua." Basi nikaikumbuka nyumba yetu, watoto wote tumelazwa mkeka mmoja, macho yameganda kwa matongo. Mliokulia Tanga, nyie mlionaje?

Kidagaa: Chumba giza, madirisha yamezibwa, kuoga marufuku. Umenikumbusha mbali.

Mama Wawili: Na uji hauna hata sukari!

Mzee wa Chumbageni: Msidanganye watu humu. Mwenye surua hachomwi sindano, vipele vinarudi ndani. Wazee walijua.

Nesi Mstaafu: Mjomba, vipele havirudi ndani. Kinachoua ni nimonia na kuharisha vinavyofuata, na mtoto mwenye upungufu wa vitamini A anaweza kupofuka. Ndiyo maana wodini tunawapa vitamini A. Na huyo mama wa benchini aambiwe: ya miezi tisa haishiki kwa watoto wote, kwenye 100 kama 15 hivi inawapita. Ya pili inawafuata hao.

Mzee wa Chumbageni: Umjomba umeanza lini?

Kidagaa: 😂😂

Binti Pongwe: Mmeshikilia surua, mie niacheni niseme la pepopunda. Dada yangu alijifungulia nyumbani, Muheza ndani ndani huko, masika, njia haipitiki. Kitovu kilikatwa na wembe uliokuwa umechomekwa ukutani, kikapakwa majivu. Siku za mwanzo mtoto ananyonya vizuri tu. Ghafla akaacha. Dada anamwekea titi, taya hazifunguki, midomo imevutika pembeni unaweza kudhani anacheka. Mlango ukibamizwa anakakamaa, mgongo unapinda kwa nyuma, ngumi zimefumbwa. Ukimulika tochi, anakakamaa tena. Bibi akasema hilo dege, limempitia juu. Akafukizwa, akafungwa hirizi, hospitali wakakataa kabisa maana mtoto wa dege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Shemeji alipokuja kupata usafiri mtoto hata kulia hawezi. Nesi alimtazama mara moja tu, akazima taa, akatukataza kuongea. Alfajiri akafariki. Daktari akamuuliza dada, sindano za pepopunda ulichoma ukiwa mjamzito? Akajibu kliniki hakwenda, mume alikataza.

Mama Wawili: Innalillahi. Pole sana dada.

Tajiri wa Mwani: Huyo bibi bado yupo?

Binti Pongwe: Alishatangulia. Na usimseme bibi, aliyekataza kliniki ni mwanaume.

Tajiri wa Mwani: Haya, wanaume tena! Wembe ameushika mwanaume?

Mama Wawili: Jamani, mtu anaeleza msiba nyie mnagombana.

Kidagaa: Dada alipata mwingine?

Binti Pongwe: Alipata, na zamu hiyo kliniki alikwenda mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Huyo mtoto sasa ana bodaboda, kelele zake stendi nzima wanamjua.

Nesi Mstaafu: Mimba ya kwanza anachoma mbili, zipishane wiki nne au zaidi. Zikitimia tano zinamlinda miaka yake yote ya kuzaa, na kinga inampitia mtoto angali tumboni. Mtoto naye anaanza zake wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Sindano hiyo moja inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nimonia ile ya bakteria wanaoitwa Hib. Na kitovu kikavu, hakipakwi kitu. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, vyote nimeviona.

Gongo la Pangani: Mguu wangu wa kushoto ni polio. Nililala na homa, asubuhi sisimami. 2022, polio ilipoonekana Malawi, walipita nyumba kwa nyumba na matone. Jirani yangu akawafungia wanawe ndani. Nikaenda kukaa kibarazani kwake, mguu nimeunyoosha mlangoni. Aliniuliza nimefuata nini, nikamwambia napunga upepo.

Kidagaa: Akafungua?

Gongo la Pangani: Baada ya matusi mengi.

Mzee wa Chumbageni: Hao hao ndio waliotufanyia majaribio ya chanjo ya malaria Korogwe.

Mama Hale: Wa kwangu alikuwemo, wala sikulazimishwa. Nilielezwa, nikauliza, nikatia saini. Ilianza 2009, Korogwe na Bagamoyo, na 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha chanjo hiyohiyo. Wewe ulikuwa wapi?

Mzee wa Chumbageni: Nilikuwa baharini.

Mama Wawili: Tukirudi kwenye mada, wa kwangu kachomwa leo, paja limevimba na analia. Nimkande na maji ya moto?

Tajiri wa Mwani: Ya moto.

Kidagaa: Ya baridi! Mama yangu alitukanda ya baridi.

Nesi Mstaafu: Kitambaa safi cha maji ya baridi, usisugue, na umnyonyeshe. Homa isiposhuka mrudishe.

Mwana Makorora: Jingine wadau, kadi ya mkubwa wake imeliwa na panya. Nitajuaje alipata zipi?

Tajiri wa Mwani: Mtazame bega la kulia, kovu likiwepo kapata zote.

Nesi Mstaafu: Kovu hilo ni la BCG, la kifua kikuu peke yake. Rudi kliniki mliyoanzia, rejesta wanayo, watakuandikia kadi nyingine.

Kidagaa: Panya wa Makorora hao? Wanakula mpaka sabuni, sembuse kadi.